Kipimo Kimfuate Mtu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu upimaji wa virusi vya UKIMWI, yaani VVU, lakini sitakuambia uende ukapime. Umeshaambiwa hivyo mara nyingi, kwenye mabango, kwenye mikutano ya hadhara, hata katikati ya mechi za mpira, na ni ushauri mwema. Leo nataka swali tumgeuzie yule anayetoa ushauri huo. Tunapomwambia mwananchi nenda kapime, je, serikali yenyewe imetimiza sehemu yake? Na sehemu hiyo ni ipi hasa? Jibu langu nalitoa mapema, kisha tulichambue pamoja. Naamini kazi ya serikali si kumsihi mtu awe jasiri, wala si kumshurutisha. Kazi yake ni kukipeleka kipimo mahali ambapo mtu tayari anapita katika shughuli zake, kuilinda siri yake kwa dhati, na kuondoa kila jambo linalomfanya mtu mwenye akili timamu aone ni afadhali asijue. Kwa maneno machache, kipimo kimfuate mtu.

Utaniuliza, kwa nini nianzie kwenye kupima, nisianzie kwenye dawa au kwenye kinga? Hebu tuitazame hali yetu hapa Tanzania. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2022/23, ule ambao wahudumu walipita kaya kwa kaya wakichukua damu, ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU, 83 hivi ndio waliokuwa wanajua hali zao. Sasa sikiliza kinachofuata. Katika kila 100 kati ya hao waliojua, 98 walikuwa wanatumia dawa. Na katika kila 100 waliokuwa wanatumia dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Umeliona pengo lilipo, msikilizaji? Mtu akishajua, kwa kawaida anaanza dawa. Akianza dawa, kwa kawaida dawa zinamfanyia kazi. Tunapowapoteza watu ni pale mwanzo kabisa, kwenye kujua. Na kwa kuwa watu wazima wanaoishi na virusi nchini ni zaidi ya milioni 1 na nusu, hao wasiojua ni zaidi ya laki mbili na nusu. Tangu mwaka 2011, utafiti uliofanyika katika mabara kadhaa umethibitisha kwamba kumwanzishia mtu dawa mapema kunapunguza kwa asilimia 96 uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake, na tafiti za baadaye zikathibitisha kwamba aliyefubaza virusi hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Kwa hiyo kila mmoja wa hao laki mbili na nusu ana mambo mawili yanayosubiri: uhai wake mwenyewe, na usalama wa mtu anayelala naye.

Ni akina nani hao? Tafiti zetu zimekuwa zikionyesha jambo moja linalojirudia, kwamba wanawake wanawatangulia wanaume katika kujua hali zao. Je, ni kwa sababu wanawake ni jasiri zaidi? Wapo wanaosema hivyo, na wapo wanaosema wanaume ni wakaidi kwa asili. Mimi sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu hayatuelezi la kufanya. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni haya: mwanamke akishika mimba anakwenda kliniki ya mama na mtoto. Pale anapimwa wingi wa damu, anapimwa kaswende, anapimwa malaria, na anapimwa VVU. Hakufunga safari kwenda kupima UKIMWI. Alikwenda kwa ajili ya mtoto wake, na kipimo akakikuta kimekaa njiani kinamsubiri. Hakuna jirani atakayemwona kaingia pale na kuanza kunong'ona, maana kila mjamzito anaingia mlango huohuo. Huo ndio uamuzi wa serikali, msikilizaji. Kuna watu wizarani walioketi na kuamua kwamba kipimo hiki kiwe sehemu ya kliniki ya kila mjamzito, wakaagiza vitendanishi, wakafundisha wauguzi, na matokeo yake tumeokoa watoto wengi wasizaliwe na virusi. Sasa jiulize: mwanamume wa miaka 30, mzima wa mwili, ana kliniki gani? Ana mlango gani anaoupitia kila mwaka ambapo kipimo kinaweza kumkuta? Hana. Tunamtaka atoke kwake, apoteze siku ya kibarua, aende mahali ambapo kila mtu anajua kinachofanyika, kisha tunashangaa kwa nini hakwenda.

Twende Njombe kidogo. Katika mkoa huo, utafiti niliotaja ulikuta karibu mtu mzima 1 katika kila 8 anaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Watu wa Njombe wako wapi mchana? Wako kwenye mashamba ya chai, wako kwenye misitu wakipasua mbao, wako kwenye mashamba ya viazi na maparachichi. Zahanati nayo, kwa saa za kawaida za serikali, inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri. Mpasua mbao anayelala kambini wiki nzima atafika saa ngapi? Hapo hakuna ukaidi wowote, kuna ratiba mbili zisizokutana. Na kati ya ratiba hizo mbili, ya serikali ndiyo inayoweza kubadilishwa kwa waraka mmoja, na malipo ya saa za ziada kwa muuguzi mmoja.

Kwamba jambo hili linawezekana, majirani zetu wametuonyesha. Kenya mwaka 2007 walifanya utafiti wa kitaifa wakagundua kwamba wanne katika kila watano wanaoishi na virusi hawakuwa wanajua. Wanne katika watano! Mwaka 2018 walipopima tena, hali ilikuwa imegeuka, karibu wanane katika kila kumi walikuwa wanajua. Katikati hapo Wizara ya Afya ya Kenya iliwaruhusu na kuwafundisha washauri wasio madaktari kupima, ikawatuma nyumba kwa nyumba, na ikaagiza kwamba mgonjwa anayefika hospitali apewe nafasi ya kupimwa hata kama hakuja kwa ajili hiyo. Botswana nao, tangu mwaka 2004, chini ya Rais Festus Mogae, walikifanya kipimo cha VVU kuwa cha kawaida katika vituo vyote vya serikali: unaelezwa kwamba utapimwa, na una haki ya kukataa, lakini hakuna anayekusubiri mpaka uombe. Leo Botswana ni miongoni mwa nchi chache ambazo watu 95 katika kila 100 wanaoishi na virusi wanajua.

Mfano unaonivutia zaidi unatoka vijijini, Uganda na magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 2013 watafiti wakishirikiana na serikali za nchi hizo waliandaa makambi ya afya katika jumuiya 32. Mtu akifika kambini anapimwa shinikizo la damu, anapimwa sukari, anapimwa malaria, na VVU ndani yake. Asiyefika anafuatwa nyumbani. Watu wazima karibu 9 katika kila 10 walipimwa, wakiwamo wanaume wengi. Mzee wa kijiji hawezi kuona haya kusema naenda kupima presha. Akiwa pale, kipimo kingine kinamkuta. Unaona tunarudi palepale? Kipimo kimemfuata mtu kule anakokwenda kwa hiari yake na bila aibu. Na mfano huu unawajibu pia wanaolalamika kwamba UKIMWI unameza fedha za magonjwa mengine. Kambi ileile iliyowafikia wenye VVU iliwaibua watu wenye presha ambao hawakuwahi kujua kwamba wanayo.

Sasa nisieleweke vibaya kuhusu kampeni. Tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma Kikwete walipimwa hadharani pale viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na siku hiyo ilifanya kazi ambayo mabango elfu moja yasingeifanya. Kwa mwananchi aliyekuwa akiamini kwamba kipimo hiki ni cha watu wa aina fulani, kumwona mkuu wa nchi akinyoosha mkono kulimwambia kwamba ni cha kila mtu. Juni 2018 tukaja na Furaha Yangu, kampeni iliyozinduliwa Dodoma na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ikiwalenga hasa wanaume. Hizi ni hatua za heshima, na nchi ambayo viongozi wake wanaona aibu kupima haiwezi kuwataka raia wasione aibu. Lakini kampeni ina mwisho wake. Mahema yanakunjwa, magari yanaondoka, na mtu aliyeshtuka wiki mbili baadaye anakuta hakuna hema. Tena kampeni ina kishawishi cha kuhesabu vidole vilivyotobolewa. Wakubwa wanapenda kusikia tumepima watu milioni kadhaa. Lakini ukimpima mtu yuleyule mara tatu kwa mwaka kwa sababu ni rahisi kumpata, umetumia vitendanishi vitatu na hujamfikia yule asiyejua. Zanzibar, ambako hata mtu 1 katika kila 100 haishi na virusi, na Njombe, ambako ni 1 katika 8, haziwezi kupewa lengo linalofanana la idadi ya vipimo. Kule Njombe kumpima kila mtu mzima kuna maana. Kule Zanzibar ni kutafuta kwa makini kwenye makundi yaliyo hatarini zaidi na kwa wenzi wa waliokwisha kugundulika. Swali ambalo mkubwa anapaswa kumuuliza mganga mkuu wa wilaya ni, wangapi bado hawajui, na wako wapi.

Msikilizaji, kuna hoja nzito inayosema kwamba afya ni wajibu wa mtu binafsi, na kwamba kama kuna sehemu iliyobaki basi mashirika yanaweza kuifanya. Mashirika yamefanya kazi kubwa, sina ubishi. Uganda walikuwa na kituo cha habari na upimaji wa hiari Kampala tangu mwaka 1990, wakati serikali nyingi bado zinakana. Hapa kwetu vituo vya upimaji vya Angaza vilitangulia katika miji yetu mapema miaka ya 2000. Lakini kuna mambo ambayo shirika, hata liwe na fedha kiasi gani, haliwezi. Haliwezi kubadilisha sheria. Nitakupa mfano. Sheria yetu ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ilitaka mtu awe na miaka 18 ndipo aridhie mwenyewe kupima, na haikutoa nafasi ya mtu kujipima. Kwa zaidi ya miaka kumi, kijana wa miaka 16 aliyekuwa na wasiwasi alitakiwa aje na mzazi, na kifaa cha kujipima hakikuwa na mahali kisheria. Ilipofika Novemba 2019, Bunge likarekebisha sheria hiyo: umri ukashuka hadi miaka 15, na kujipima kukaruhusiwa. Siku moja ya kura bungeni ilifungua milango ambayo miradi haikuweza kuifungua kwa miaka yote hiyo.

Najua marekebisho hayo yana wapinzani, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Wapo wazazi wanaosema kwamba kumruhusu mtoto wa miaka 15 apime bila ya wao kujua ni kumruhusu afanye ngono. Hofu ya mzazi naiheshimu. Lakini tutazame ilivyo. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata ujauzito. Hao hawakusubiri kibali cha sheria ya upimaji. Na wapo pia vijana waliozaliwa na virusi na hawajawahi kuambiwa, na wapo waliofanyiwa ukatili na ndugu wa karibu, ambao mtu wa mwisho wanayeweza kumwambia ni yule anayetakiwa kutoa kibali. Sheria inayomtaka mtoto wa namna hiyo aombe ruhusa nyumbani inamlinda nani? Mzazi ana nafasi kubwa ya kulea na kuongea na mwanawe, na nafasi hiyo haikuondolewa. Kilichoondolewa ni kizuizi kati ya mtoto mwenye hofu na muuguzi anayeweza kumsaidia.

Wengine wana wasiwasi na kujipima. Wanasema, mtu akiwa peke yake chumbani, akaona majibu, hana mshauri, si atajidhuru? Ni swali la huruma, na halipaswi kupuuzwa. Ila majaribio yaliyofanywa Malawi, Zambia, Zimbabwe na kwingineko yaliwafikia wanaume na vijana wengi ambao vituo vya kawaida vilishindwa kuwapata, na madhara makubwa yaliyoogopwa yalikuwa nadra, kiasi kwamba mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo rasmi. Kisumu, Kenya, akina mama waliohudhuria kliniki walipewa vifaa vya kujipima wawapelekee wenzi wao, na wengine wakapewa kadi za kuwaalika kituoni. Kwa waliopewa vifaa, wanaume karibu 9 katika kila 10 walipima. Kwa walioalikwa kwa kadi, ni nusu hivi. Mwanamume yuleyule aliyeshindikana kliniki, amepima sebuleni kwake. Lakini hapa pia serikali ina kazi isiyokwepeka. Kijiti kile kinachopitishwa kwenye fizi hakitoi neno la mwisho. Kikionyesha virusi, lazima mtu aende kituoni athibitishwe kwa vipimo vingine kabla ya kuanza dawa. Kwa hiyo ni nani atakayehakikisha kwamba maelezo ndani ya boksi yameandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu aliyeishia darasa la saba, kwamba kuna namba ya simu ambayo kuna mtu anaipokea usiku, kwamba duka la dawa haliuzi kifaa kilichopitwa na wakati, na kwamba bei haimshindi mwendesha bodaboda? Soko peke yake halitafanya hayo.

Sasa tuje kwa wale wenye haraka. Kuna wanaosema, haya yote ya nini? Serikali ilazimishe, kila mtu apimwe, tumalize. Agosti 2017, Rais Edgar Lungu wa Zambia alitangaza kwamba upimaji utakuwa wa lazima kwa wanaofika vituo vya afya vya serikali, na upinzani ukawa mkubwa kutoka kwa wanasheria, wanaharakati na watu wanaoishi na virusi wenyewe. Ninaungana nao, na si kwa sababu ya haki pekee, ingawa haki ya mtu juu ya damu yake ni jambo kubwa. Ninaungana nao pia kwa sababu ya matokeo. Mtu anayeogopa kipimo, ukimwambia kwamba akija na malaria atapimwa kwa lazima, atabaki nyumbani na malaria yake. Umepoteza viwili. Tena hata ukimpata, umepata nini? Dawa za kufubaza virusi humezwa kila siku, maisha yote, na mtu akiwa nyumbani kwake bila muuguzi. Aliyeburutwa kupima, nani atamburuta kila jioni ameze kidonge? Matibabu haya yanaendeshwa na hiari ya mgonjwa kuanzia siku ya kwanza, na hiari hiyo huanza kujengwa kwenye kiti cha kupimia. Ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa kwa hali chache kama amri ya mahakama au mtu anayetoa kiungo cha mwili, na katazo hilo lisichezewe.

Nimesema siri, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo serikali inapoweza kujenga au kubomoa kila kitu. Sheria inamwadhibu mhudumu anayetoa majibu ya mtu bila ridhaa yake. Sawa. Lakini siri haivuji kwa mdomo wa muuguzi tu. Inavuja kwa benchi. Katika kituo ambacho kliniki ya tiba na matunzo, hiyo tuliyozoea kuiita CTC, ina jengo lake pembeni na siku yake maalumu ya juma, kila anayekaa kwenye benchi lile kata nzima inajua amefuata nini. Faili lenye rangi yake, dirisha la dawa lenye foleni yake, chumba cha ushauri chenye ukuta wa mbao ambao sauti inapita: haya yote yamepangwa na mtu, kwenye mchoro wa jengo na kwenye bajeti. Na mtu ambaye bado hajapima analiona benchi lile kila anapopita. Anajua kwamba akipimwa na kukutwa na virusi, pale ndipo atakapokaa. Ukimwambia apime, kumbuka anafikiria benchi. Vituo vinavyochanganya huduma, ambapo mwenye kisukari, mwenye presha na mwenye VVU wote wanasubiri kliniki ya magonjwa ya muda mrefu, wote wanachukua dawa dirisha moja, vinamwondolea mtu hofu hiyo kabla hajaisema.

Na kuna sheria zinazofanya kutojua kuwe na faida. Kifungu cha 47 cha sheria yetu hiyohiyo kinamtia hatiani anayemwambukiza mtu kwa makusudi, kifungo cha miaka 5 hadi 10. Nia yake inaeleweka, na anayefanya unyama huo kwa kudhamiria hatetewi na mtu. Lakini tazama jinsi kifungu kinavyosikika masikioni mwa mtu wa kawaida: anayejua ana kesi, asiyejua hana. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikakifuta kwa kuwa maneno yake hayakuwa wazi. Wabunge wetu wangefanya vyema kukitazama upya cha kwetu, wakibanie kwenye dhamira iliyothibitishwa pekee, ili kisiwe onyo dhidi ya kupima. Kenya hiyohiyo, mwaka 2015, Ikulu iliagiza yakusanywe majina ya wanafunzi wanaoishi na virusi pamoja na walezi wao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kupanga huduma. Desemba 2016 mahakama ikasema agizo lile limevunja faragha yao. Na sisi tusijione wasafi: mwaka 2017 Wizara yetu ya Afya ilisimamisha huduma za VVU katika vituo vipatavyo 40 vilivyokuwa vikiwafikia watu wa makundi yaliyo hatarini zaidi. Mtu anaweza kuwa na msimamo wake wa kidini au wa maadili kuhusu makundi hayo, nami simlazimishi auache. Lakini watu wale wana wenzi, wengine wana ndoa na watoto, na kituo kikifungwa, virusi havifungiwi humo ndani.

Mwisho, ndugu msikilizaji, ni fedha. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama za upimaji imebebwa na mpango wa Marekani wa PEPFAR, ulioanza mwaka 2003, pamoja na Mfuko wa Dunia. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ikatangaza kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na ghafla wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi, hapa kwetu na kwa majirani, wakaambiwa wasimamishe kazi. Hata baada ya baadhi ya huduma kuruhusiwa tena, tumeona nchi inavyotikisika kwa saini ya mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari. Bajeti ya serikali ya mwaka 2025/26 ilikuja na mapendekezo ya tozo mpya, zikiwamo za mafuta, ili kuchangia Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Tozo hazipendwi na mtu, lakini mwelekeo ni sahihi. Wasiwasi wangu uko kwingine. Fedha zikipungua, kinacholindwa kwanza ni dawa, na ni haki, maana mgonjwa akikosa dawa analalamika, ana kadi, ana jina, ana chama cha wenzake kinachoweza kugonga mlango wa wizara. Lakini asiyejua ana chama gani? Kituo kikiishiwa vitendanishi vya kupimia, nani ataandamana? Yeye mwenyewe hajui kwamba amekosa kitu. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuiweka kazi hii mikononi mwa serikali, kwenye bajeti yake ya kudumu, kwa sababu watu inaowahusu ndio pekee wasioweza kuidai.

Kila mwaka halmashauri yako huandaa Mpango Kabambe wa Afya, nao hupita mezani kwa madiwani. Ukimwona diwani wako kabla ya kikao hicho, muulize mambo matatu. Vitendanishi vya VVU vimetengewa fedha za halmashauri, au vinasubiri mradi? Kuna zahanati hata moja katika kata yenu inayopima jioni au Jumamosi? Na pale kituo cha afya, wanaofuata dawa za VVU wanakaa benchi gani?